Siku ya kumi baada ya upasuaji wa kukaza tumbo: nirudi kazini lini, na nirudi vipi?

Mama Watatu, Kimara

Habari zenu ndugu zangu. Naandika nikiwa nimeegemea mito minne kitandani, ikiwa ni siku ya kumi tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza na kukaza tumbo, na kuna jambo linaloninyima usingizi kuliko maumivu yenyewe.

Nina umri wa miaka 38 na watoto watatu, ambao wawili kati yao nilijifungua kwa upasuaji. Baada ya mtoto wa mwisho, misuli ya tumbo iliachana katikati kiasi kwamba kila nilipojaribu kuinuka kitandani tuta lilijitokeza kuanzia kifuani hadi kitovuni, na ngozi iliyolegea chini yake ilikuwa ikichubuka na kutoa vipele kila msimu wa joto. Niliweka akiba katika kikoba chetu kwa miaka mitatu, kwa kuwa bima yangu hailipii upasuaji wa aina hii, na hatimaye nikafanyiwa. Daktari aliondoa ngozi iliyozidi, akaishona misuli ikakutana, akakiweka kitovu mahali papya, na sasa mshono wangu unatoka nyonga moja hadi nyingine. Niliwekewa mirija miwili ya kutolea maji. Mmoja umetolewa siku ya nane, na wa pili bado ninao, nikiufunga kiunoni kwa kitambaa kila ninapokwenda chooni.

Mimi ni mhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha maeneo ya Posta. Nilipewa ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazini, ya siku 14 ambayo inakwisha Jumatatu, na jana mkuu wangu alinipigia simu kuuliza kama nitakuwepo siku hiyo kwa ajili ya kufunga hesabu za mwezi. Nilimjibu kwamba nitakuwepo. Tangu nilipokata simu hiyo nina hofu, kwa sababu bado natembea nimeinama kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka sakafuni, na nikikaa kwenye kiti cha kawaida kwa zaidi ya nusu saa mgongo unauma kuliko hata mshono.

Kila ninayemuuliza ananiambia kwamba kazi ya kukaa haina shida, na kwamba siku 14 zinatosha. Lakini kazi yangu haianzii kwenye kiti. Inaanzia kituo cha Kimara saa kumi na mbili asubuhi, katika basi la mwendokasi la kwenda Kivukoni, ambamo ukipata pa kushika umeshukuru na viwiko vya watu viko usawa wa tumbo lako. Ofisi yetu ipo ghorofa ya tatu na lifti huharibika mara kwa mara. Mwisho wa mwezi mimi ndiye ninayetoa maboksi ya majalada stoo. Nyumbani nako, mdogo wangu aliyekuja kuniuguza anarudi Morogoro Jumapili, na mume wangu hutoka saa kumi na moja alfajiri, hivyo mtoto wa miaka miwili na nusu atabaki mikononi mwangu mpaka msichana wa jirani atakapokuja kumchukua.

Jambo la mwisho ni gumu kulisema. Kazini hakuna anayejua ni upasuaji gani nimefanyiwa. Niliomba ruhusa kwa kusema ni upasuaji wa tumbo, jambo ambalo ni kweli, na wengi wakadhani ni uvimbe wa kizazi. Sitaki kumdanganya mtu, lakini pia sitaki mwili wangu uwe mazungumzo ya wakati wa chai. Je, kwa upasuaji niliouchagua mwenyewe nina haki ya kuongezewa mapumziko, au natakiwa nijikaze niende?

Muuguzi wa Wodi

Pole sana dada, na umefanya vyema kuuliza mapema. Nimefanya kazi katika wodi ya upasuaji kwa miaka 16, nami naomba maneno yangu uyachukue kama nyongeza ya yale atakayokuambia daktari aliyekupasua, kwa kuwa yeye ndiye aliyeiona misuli yako ilivyoachana na anayejua jinsi alivyoishona.

Jambo ambalo watu wengi hawalielewi ni kwamba upasuaji wako si wa ngozi peke yake. Mtu aliyenyonywa mafuta tu, bila kukatwa ngozi wala kushonwa misuli, mara nyingi hurudi kwenye kiti chake cha ofisi ndani ya siku chache, na nadhani mifano mingi unayopewa ni ya watu wa namna hiyo. Wewe ule utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo umevutwa kutoka pande zote mbili na kufungwa kwa uzi kuanzia chini ya kifua hadi karibu na kinena. Kwa takriban wiki sita za mwanzo, uzi huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya mzigo, mpaka tishu zenyewe zitakapoungana na kupata nguvu. Kila unapoinua kitu, unapokohoa, unapojikamua chooni, au unapojikaza ghafla ili usianguke basi linapofunga breki, shinikizo ndani ya tumbo hupanda na uzi ule huvutwa. Kwa hiyo uko sahihi kabisa kuhesabu safari ya Kimara kama sehemu ya kazi. Kwa maoni yangu ndiyo sehemu nzito zaidi.

Kwa kazi ya mezani, madaktari wengi huruhusu mgonjwa kurudi kati ya wiki ya pili na ya nne, na kwa kazi ya kusimama kutwa au kunyanyua vitu huwa ni wiki sita hadi nane. Hata hivyo mimi huwaambia wagonjwa wangu wasiangalie kalenda peke yake. Angalia kama umeweza kusimama wima bila kuvutwa na mshono, kwa sababu anayetembea ameinama huubebesha mgongo kazi ya tumbo, na hayo maumivu ya mgongo unayoyaeleza yanatoka huko. Angalia pia kama unaweza kupitisha siku nzima, si saa mbili tu za asubuhi, bila dawa kali za maumivu. Ikiwa bado unatumia tramadol, hupaswi kuendesha gari, na kwa hakika hupaswi kufunga hesabu za kampuni, maana dawa hiyo huleta usingizi na kizunguzungu hata pale unapojiona mzima. Dawa za namna hiyo hufunga choo pia, kwa hiyo kunywa maji ya kutosha, kula papai na mboga za majani, na usikubali kujikamua.

Kuhusu mrija uliobaki, nisingependa uende nao ndani ya mwendokasi hata kwa kituo kimoja. Endelea kupima na kuandika kiasi cha maji kila baada ya saa 24. Kwa kawaida mrija hutolewa kiasi kikishuka chini ya mililita 30 kwa siku, ingawa kila daktari ana kipimo chake. Ukiona kiasi kimepanda katika siku uliyozunguka sana, tambua kwamba ulizidisha, na siku inayofuata upunguze.

Haya yote hayana maana ya kulala tu. Kulala na kukaa muda mrefu bila kujongea ni hatari kwa namna yake, kwa sababu damu inaweza kuganda katika mishipa ya miguu. Tembea ndani ya nyumba mara kadhaa kwa siku, hata kama ni dakika tano tano, na utakaporudi ofisini simama kila baada ya saa moja uende hata mpaka dirishani. Ukiona mguu mmoja umevimba kuliko mwingine, shavu la mguu linauma na lina joto, au ukipata ghafla shida ya kupumua au maumivu ya kifua, usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Vilevile nenda ukipata homa inayozidi nyuzi 38, mshono ukitoa usaha au harufu, ngozi ya karibu na mshono au kitovu ikianza kuwa nyeusi, au ukihisi maji yanacheza chini ya ngozi kama ndani ya kiriba. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, uwekundu unaoandikwa kwenye karatasi za maelekezo hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa mkono. Sehemu yenye joto kuliko nyingine, inayong'aa na kukaza, inatosha kukufanya upige simu.

Vazi la kubana ulilopewa livae kama ulivyoelekezwa, kwa kawaida wiki sita, na uwe nayo mawili ili moja likifuliwa lingine liwe mwilini. Uvimbe utaongezeka kila jioni, na sketi iliyokutosha asubuhi inaweza isifunge saa kumi. Hali hiyo huendelea kwa miezi mitatu, wengine sita, wala si dalili kwamba kuna kitu kimeharibika. Tafuta magauni mapana ya kazini kwa kipindi hicho.

Bi Likoni, Mombasa

Dada yangu, mimi nilirudi kazini siku ya kumi na mbili, na ningependa ujue ilivyokuwa ili usipite njia niliyopita mimi.

Nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja huku pwani, na upasuaji nilifanyiwa Nairobi. Kwa sheria ya Kenya, mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini hupata angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12. Mimi nilikuwa nimeshatumia siku nne kwa malaria mwezi wa tatu, na likizo ya mwaka niliimaliza wakati wa Idi kwa harusi ya kaka yangu. Hesabu yangu ilikuwa mbaya kabla hata sijaingia chumba cha upasuaji, na hilo ni kosa langu ambalo nalikubali. Ningengoja mwaka mwingine uanze.

Siku ya kwanza ya kurudi, nilivuka kwa ferri saa moja asubuhi. Anayekijua kivuko cha Likoni anajua ule mteremko wa kuingilia na umati unaoteremka kwa pamoja, mwenye mkokoteni na mwenye baiskeli na mtoto wa shule, wote wakikimbilia chombo kimoja. Nilitembea nimejishika tumbo kwa mikono miwili. Hakuna aliyenigonga siku ile, lakini nilijikaza mwili mzima kwa nusu saa kwa hofu ya kugongwa, na nilipofika kazini nilikuwa nimechoka kama niliyemaliza zamu. Kisha nikasimama mapokezi kwa muda wa saa nane.

Siku ya nne nilihisi kitu kinatembea chini ya kitovu kila nilipogeuka. Daktari alivuta maji kwa sindano, karibu mililita 180, na ikabidi nirudi mara tatu zaidi. Wiki iliyofuata mshono ukaachia upana wa vidole viwili upande wa kulia, na kidonda hicho kilichukua wiki tano kufunga, wiki ambazo hazikuwa na mshahara wowote. Siwezi kuapa kwamba haya yote yalisababishwa na kurudi mapema, kwa kuwa maji hujikusanya hata kwa waliopumzika vizuri, lakini daktari wangu hakusita kuniambia kwamba ule usimamaji haukunisaidia.

Nilipopona na kurudi mara ya pili, niliomba kuanza saa nne ili nivuke wakati kivuko kimepungua watu, na msimamizi wangu alikubali kwa wiki tatu. Nilipewa pia kiti kirefu nyuma ya meza. Nilibeba leso moja iliyokunjwa mara nne, na kila nilipohisi chafya au kikohozi naiweka tumboni naibana kwa mikono, jambo dogo ambalo lilipunguza maumivu kuliko nilivyotarajia. Kuhusu maneno ya watu, msimamizi ndiye pekee niliyemweleza. Wengine niliwajibu kwamba nilipasuliwa na naendelea vizuri, na baada ya wiki mbili hakuna aliyeuliza tena.

Afisa Utumishi, Dodoma

Dada, nami nakupa pole. Nitajibu lile swali la haki, kwa sababu nimekutana nalo mezani kwangu zaidi ya mara moja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata hulipwa nusu. Sharti lake kubwa ni cheti cha daktari, na mwajiri hapaswi kukikataa bila sababu ya msingi. Sheria haikuorodhesha magonjwa. Daktari aliyesajiliwa akithibitisha kwamba kwa sasa hali yako hairuhusu kufanya kazi, hilo ndilo linalotazamwa, na kidonda cha upasuaji uliouchagua hakiponi haraka kuliko kidonda kingine. Ni kweli wapo waajiri wanaobishana juu ya jambo hili na kutaka upasuaji wa urembo ulipiwe kwa likizo ya mwaka, ambayo kwa sheria yetu ni siku 28. Kama bado una siku zako za likizo ya mwaka, mimi binafsi ningezishika mkononi kama akiba ya mazungumzo, lakini ningeanza na cheti cha daktari.

Usiende Jumatatu kwa sababu tu ulisema utakwenda. Rudi kwa daktari kabla ED haijaisha, umweleze si kazi ya kiti tu, bali pia usafiri, ngazi na maboksi, kwa kuwa asipoambiwa ataandika kwa kufikiria kwamba unafanyia kazi nyumbani kwako. Mwombe aandike mambo mawili tofauti. La kwanza ni tarehe ya kurudi. La pili ni masharti ya kazi nyepesi utakaporudi: usinyanyue kitu cha zaidi ya kilo 5, usisimame muda mrefu, uruhusiwe kuinuka kila saa, na masharti hayo yadumu hadi tarehe gani. Barua isiyo na tarehe ya mwisho huwatia viongozi wasiwasi, na ile inayosema kwa jumla kwamba mgonjwa apewe kazi nyepesi humwachia kila mtu aitafsiri atakavyo, na mwishowe utajikuta stoo na boksi mkononi.

Cheti hakilazimiki kueleza kwamba ulikazwa tumbo. Maneno kwamba ulifanyiwa upasuaji wa tumbo ni ya kweli na yanatosha. Taarifa za afya zinahesabiwa kuwa taarifa binafsi nyeti katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo ofisi ya utumishi inayoipokea barua yako haina ruhusa ya kuitembeza. Ila nakusihi usikubali mtu yeyote akuandikie ugonjwa ambao hukuwa nao, hata akiwa na nia njema. Cheti cha uongo kinaweza kukufukuzisha kazi, na hapo sheria haitakuwa upande wako.

Bibi wa Tanga

Mwanangu, pole kwa kuugua. Mimi ni mtu mzima na nimewauguza mabinti zangu wanne pamoja na wakwe. Tumbo lililofunguliwa linataka mkaja. Mtafute mama anayejua kufunga, akufunge mkaja imara kuanzia nyongani kwenda juu, na kila asubuhi ukandwe kwa maji ya moto ili damu mbaya itoke na uvimbe ushuke. Binti zangu walirudi shambani baada ya arobaini wakiwa wamenyooka. Unywe pia uji wa pilipili manga, na usikae kwenye feni.

Muuguzi wa Wodi

Shikamoo bibi. Nakushukuru kwa upendo wako, na zile siku arobaini ulizozitaja zinakaribiana sana na wiki sita tunazowapa wagonjwa hospitalini. Hata hivyo naomba, kwa heshima zote, nimwonye dada yetu kuhusu mambo mawili, kwa sababu nimeona madhara yake kwa macho yangu.

Mtu aliyefanyiwa upasuaji huu hupoteza hisia katika ngozi ya chini ya kitovu, kwa kuwa mishipa midogo ya fahamu hukatwa ngozi inapoinuliwa, na hisia hizo huchukua miezi mingi kurudi, pengine zisirudi zote. Maji ambayo mkandaji anayaona ya kawaida yanaweza kumuunguza mgonjwa asihisi chochote mpaka malengelenge yatoke. Chupa ya maji ya moto ni vilevile. Kwa hiyo dada, usikandwe kabisa, na mtu akikuletea kitu cha moto cha kuweka tumboni mshukuru kisha ukiweke kando.

Mkaja nao una shida yake. Damu inayoilisha ngozi ya tumbo lako sasa inapita njia chache kuliko zamani, na mfungo unaokaza zaidi sehemu moja, au unaokunjamana na kuacha mstari, unaweza kuzuia damu kufika kwenye mshono. Vazi la hospitali limetengenezwa ili libane kwa usawa. Ukiliona limejikunja, lifungue ulipange upya ukiwa umelala chali huku magoti yamekunjwa. Uji wa bibi unaweza kunywa, ingawa pilipili ipunguze kama inakukoholesha.

Baba Salma

Shemeji, mimi ni mume wa mtu aliyepitia haya mwaka juzi, na ninaandika ili umwonyeshe mwenzako. Nilidhani kwamba mke wangu akiweza kutembea basi ameshapona, nikarudi kwenye shughuli zangu. Siku moja nilimkuta akiburuta ndoo ya lita 20 kutoka bombani. Ndoo hiyo ikijaa ina uzito wa kilo 20, na alikuwa amekatazwa hata kilo 5.

Baada ya hapo nilianza kujaza maji usiku katika madumu ya lita tatu tatu na kuyapanga bafuni na jikoni, sufuria kubwa nikazishusha kutoka kabati la juu, na mtoto wetu mdogo tukamfundisha kupanda kwenye kochi na kukaa ubavuni mwa mama yake badala ya kubebwa. Alilia siku mbili, kisha akauona ni mchezo wake. Mtoto wa miaka miwili na nusu ana uzito wa kilo 12 hivi au zaidi, na yeye ndiye mzigo ambao mama hawezi kuukataa kwa moyo wake mwenyewe, kwa hiyo mtu mwingine lazima awepo asubuhi ile kati ya saa kumi na moja na muda wa msichana kufika. Tulilipa binti wa kusaidia kwa wiki nne. Fedha ile iliniuma, lakini iliniuma kidogo kuliko kumrudisha mgonjwa hospitali.

Mama Watatu, Kimara

Ndugu zangu, leo ni siku ya kumi na saba na nimeona si vyema ninyamaze baada ya kunisaidia kiasi hiki. Bibi wa Tanga, shikamoo, na uji nimekunywa.

Ijumaa nilikwenda kliniki nikiwa na daftari la vipimo vya mrija, na nikamweleza daktari habari za mwendokasi, ngazi na stoo kama nilivyoshauriwa. Alikiri kwamba hakuwahi kuniuliza nafikaje kazini. Ameniongezea ED hadi siku ya 28, na ameandika barua ya pili ya kazi nyepesi itakayodumu mpaka wiki ya nane, ikitaja kilo 5 na kuinuka kila saa. Siku hiyo mrija ulikuwa bado unatoa mililita 45, kwa hiyo hakuutoa. Nilipunguza kuzunguka, nikaacha kufagia, na Jumanne ukatoka baada ya kushuka hadi 25.

Kumpigia mkuu wangu ndiko kulikonitoa jasho. Nilimwambia kwamba nilijibu kwa haraka siku ile, kwamba siwezi kuja Jumatatu, na kwamba barua ya daktari ninaituma ofisi ya utumishi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna sehemu ya hesabu ninayoweza kuipitia nikiwa nyumbani. Nilimwambia ukweli kwamba bado nilikuwa natumia dawa za maumivu zinazoleta usingizi na nisingejiamini na tarakimu. Alikubali, na mwenzangu mmoja ndiye aliyefunga mwezi. Hakuuliza ni upasuaji gani, nami sikusema.

Nikirudi nitaanza saa nne na kutoka saa tisa kwa wiki mbili. Jirani yetu mmoja wa Mbezi hupita na gari muda huo kwenda Kariakoo, na tumekubaliana nichangie mafuta. Muuguzi, daktari ameniambia nifunge mkanda wa gari bila kuacha, upite chini kwenye nyonga, niweke kanga iliyokunjwa kati yake na mshono. Matuta ya barabara ya ndani ya mtaa wetu bado yananitisha, na dereva ameahidi kuyapita polepole.

Mume wangu alisoma maneno ya Baba Salma mara mbili. Kesho yake alikwenda kumwomba shangazi yake wa Kibaha aje akae nasi mpaka mwisho wa mwezi, na alipofika jana jioni mtoto alikuwa ameshajifunza kupanda kochi peke yake. Leo asubuhi nimesimama mbele ya kioo na kwa mara ya kwanza mabega yangu yamenyooka, ingawa kwa dakika chache tu.